Fisi wa Harar, mbuzi wa Kakuma

Kila jioni, nje kidogo ya ukuta wa mji mkongwe wa Harar, mashariki mwa Ethiopia, mtu huketi chini na kikapu cha nyama na kuanza kuwaita fisi kwa majina. Hutokea gizani mmoja baada ya mwingine, vichwa chini, mabega juu, wakinusa hewa. Mlishaji hutwaa kijiti, akakitundikia ukanda wa nyama, akakishika kwa meno, na fisi huja kuuvuta ukanda ule uso kwa uso naye. Kisha huwa zamu ya mgeni. Hupiga magoti, nyama hushikwa juu ya kichwa chake, na fisi humpanda mabegani kwa miguu ya mbele ili aifikie. Simu zinamulika, watu wanacheka, pesa zinatolewa.

Video za tukio hilo zimefika Lodwar, kwetu Turkana, kaskazini mwa Kenya, siku nyingi. Zinazunguka kwenye simu za vijana wanaotembeza wageni, kwenye makundi ya wenye nyumba za kulala wageni, na kila zinapopita hakosekani wa kuuliza: sisi je? Fisi tunao. Nyama tunayo. Tobong'u Lore, tamasha letu la utalii na utamaduni, huleta wageni mjini. Kwa nini pasiwe na usiku wa fisi kando ya mto Turkwel, au Kakuma, penye kambi ya wakimbizi, ambako mashirika huleta wageni kutoka kila pembe ya dunia, nao jioni hawana pa kwenda?

Wanaouliza hivyo ni watu wanaoipenda kaunti yao na waliochoka kuiona ikitajwa kwa njaa na wizi wa mifugo tu. Wanastahili kujibiwa kwa hoja. Jibu langu ni hapana, na sababu yangu kubwa ni moja: nyama inayotupwa kwa ajili ya mgeni hulipiwa na mbuzi wa mfugaji, na mfugaji huyo hayupo pale pesa zinapogawanywa.

Tuanze na Harar kwenyewe, maana tunachokiona kwenye simu ni kipande tu cha habari ndefu. Ule ukuta unaouzunguka mji, Jugol, ulijengwa karne ya 16 zama za Amiri Nur ibn Mujahid, na mwaka 2006 UNESCO iliuingiza mji huo katika orodha ya urithi wa dunia. Chini ya ukuta kuna matundu ambayo fisi huyatumia kuingia usiku, wakala mifupa na mabaki ya wachinjaji, kisha wakatoka kabla ya alfajiri. Watu wa Harar hawawafukuzi. Wapo wanaoamini kwamba fisi huondoa majini mitaani. Kakuma ina Waethiopia wengi, na ukikaa kwenye mikahawa yao ukamkuta mtu aliyekulia upande huo, atakueleza habari za fisi kupita uchochoroni bila kubadilisha sauti, kama mtu anayeeleza habari za jirani.

Halafu kuna uji. Katika siku za Ashura, mwezi wa Muharram, wenyeji hupika uji mzito, wakautia siagi nyingi na kuupeleka kwenye makaburi ya mawalii ili fisi waule. Wakila vizuri, mwaka utakuwa wa heri. Wakisusa, watu hujiandaa kwa shida. Simulizi la wenyeji linasema desturi hiyo ilizaliwa wakati wa njaa kubwa, fisi walipoanza kula watu, na mawalii wakakutana mlimani wakaamua wanyama hao walishwe ili amani irudi. Mtu anaweza kuiamini hadithi hiyo au asiiamini. Ninachokiona mimi ndani yake ni mji mzima uliokaa kikao, ukaingia mkataba na mnyama, na kila mwaka ukauhuisha mkataba huo kwa gharama yake wenyewe.

Ulishaji wa nyama kwa kijiti mbele ya wageni ni jambo jingine. Inaelezwa kwamba ulianza miaka ya 1960 hivi, na jina lake kubwa ni Yusuf Mume Salih, ambaye baadaye alimwachia kazi mwanawe Abbas. Mwanaanthropolojia Marcus Baynes-Rock, aliyeishi Harar akiwafuata fisi hao usiku na kuchapisha kitabu juu yao mwaka 2015, ameonyesha jinsi koo za fisi zinavyougawana mji kwa mipaka, na jinsi watu na wanyama wale walivyozoeana kwa muda mrefu. Yaani kijiti kimekuja juu ya mazoea ya vizazi. Tukikichukua kijiti tukaacha vizazi, tutakuwa tumechukua hatari peke yake.

Kwetu mkataba huo haupo. Mturkana na fisi wamekuwa pande mbili za ua wa miiba tangu zamani, na ua huo ndio mkataba wetu. Kila jioni mifugo huingizwa kwenye anok, yaani zizi, tawi kubwa la miiba huburutwa kuziba mlango, moto huwashwa, mbwa hulala nje. Nilisimama alfajiri moja katika boma lililo nje kidogo ya Kakuma, ng'ambo ya laga, yaani mto wa msimu, ya Tarach, baada ya fisi kupenya. Alichimba chini ya miiba mahali ambapo mchanga ulikuwa laini. Mbuzi watatu walikuwa wamelala matumbo wazi. Wa nne alikuwa bado anapumua, paja limenyofolewa hadi mfupani, macho yakitazama tu. Mwenye boma, mama wa makamo mwenye shanga shingoni, hakulia. Alikuwa ameshika kisu, anatenga nyama inayoweza kuokolewa na ile ya kutupwa, huku binti yake akimzuia mwana-mbuzi aliyekuwa akijaribu kunyonya chuchu za mama aliyekwisha kufa. Mbuzi wawili kati ya wale walikuwa wa maziwa. Maziwa hayo ndiyo yaliyokuwa chai ya watoto asubuhi.

Kwa mtu wa mjini mbuzi ni nyama. Kwa mama yule mbuzi ni karo, ni nauli ya kwenda hospitali, ni dhamana ya kukopa unga dukani. Ukame uliodumu misimu mitano ya mvua, kuanzia mwisho wa 2020 hadi mapema 2023, uliua mifugo zaidi ya milioni mbili katika kaunti kavu za Kenya. Boma kama lile lilibakiwa na wachache, na kila mmoja akawa na thamani ya kundi. Na sisi tunataka kumwendea mama huyo tumwambie kwamba usiku wa Jumamosi, kilomita chache kutoka kwake, fisi wataitwa kwa filimbi?

Wapo watakaosema fisi akishiba nyama ya mtalii hatamgusa mbuzi wa mtu. Hoja hii inasikika kuwa na akili mpaka utazame jinsi fisi madoa anavyoishi. Huyu ni mnyama wa ukoo. Majike ndio watawala, na cheo hurithiwa: binti wa jike mkubwa hula kabla ya dume lolote geni. Ukimwaga kikapu cha nyama, wenye vyeo watashiba. Wanyonge wa ukoo, walioifuata harufu ileile kwa mwendo uleule, wataondoka na njaa wakiwa wamesogezwa karibu na mabomba ya maji, vibanda na mazizi. Boma la kwanza watakalolikuta njiani halitakuwa la mwenye hoteli. Isitoshe, Turkana ina fisi milia pia, mnyama mwenye haya, anayetafuta riziki peke yake na kukwepa watu, na hakuna faida yoyote ya kumzoesha taa na kelele.

Jambo baya zaidi ni kwamba mnyama hafundishwi kula tu. Anafundishwa kwamba binadamu ni mlango wa chakula. Usiku wa Harar mlishaji anamjua kila fisi, naye fisi anamjua mlishaji. Lakini mtoto anayerudi kutoka dukani Kakuma 3 na mfuko wa nyama ya mchuzi mkononi hajulikani na mtu yeyote katika mkataba huo. Mapema mwaka 2024 tuliona huko Ongata Rongai, pembeni mwa Nairobi, fisi wakishambulia watu hadi wanafunzi wa chuo kikuu wakafunga barabara ya Magadi kwa hasira. Hakuna aliyewaita fisi wale kwa majina. Mji ulisogea, mnyama akabaki palepale, woga ukaisha, na hilo lilitosha. Sisi tunataka kulipia hali hiyo ije.

Kenya si mgeni wa mchezo huu. Kando ya Ewaso Nyiro kule Samburu, kwa miaka mingi hoteli za kitalii zilitundika nyama mtini ng'ambo ya mto ili chui aje jioni wageni wakiwa na vinywaji mkononi, na mamba wakatupiwa mabaki chini ya baraza. Wageni walifurahi, picha zikapigwa. Mto ule, hata hivyo, ni uleule ambao Wasamburu hunyweshea mifugo, na mamba hasomi kibao cha kumwonyesha eneo la hoteli linaishia wapi. Katika mbuga zetu za taifa leo mgeni hukatazwa kumlisha mnyama yeyote, hata tumbili. Iweje tumlishe fisi nje ya mbuga, mahali ambapo watu wanalala chini?

Kisa kinachonitisha kuliko vyote kimetoka mbali zaidi, kisiwa cha Komodo nchini Indonesia, kwenye wale mijusi wakubwa wanaokula nyama. Wanakijiji waliishi nao kwa karne nyingi na walikuwa na desturi ya kuwaachia sehemu ya nyama. Hifadhi ya taifa ilipoanzishwa mwaka 1980, ulishaji ukageuzwa kuwa maonyesho: mbuzi aliyechinjwa, mijusi wakigombania, wageni wakitazama. Miaka ya 1990 wakuu wa hifadhi wakasimamisha maonyesho hayo kwa sababu wanyama walikuwa wameanza kutegemea mkono wa mtu. Mwaka 2007 mtoto wa miaka minane aliuawa na mmoja wao, na wanakijiji wakalaumu marufuku ya kulisha: wakasema mnyama amevunjiwa ahadi. Wanasayansi wanaweza kubishana nao. Lakini mtu anayetaka kuanza kulisha wanyama wakali na atafakari hapo: kuanza ni jioni moja, na kuacha hakuna njia salama.

Nasi tutaacha, hilo halina shaka. Utalii wa Turkana ni wa msimu na wa roho mkononi. Barabara kutoka Kitale ikiharibiwa na mafuriko, wageni hawaji. Risasi zikilia upande wa Kainuk, wageni hawaji. Mwaka 2020 korona ilipofunga viwanja vya ndege, hawakuja kabisa, popote duniani. Fisi hana msimu wa wageni. Atakuja saa ileile, mahali palepale, kikapu kisipoonekana ataendelea mbele.

Kuna suala la nyama yenyewe, na hapa naomba tusemezane kwa uwazi. Turkana imekuwa ikishika mkia katika takwimu za serikali za umaskini. Kambi ya Kakuma, iliyoanza mwaka 1992 kwa kuwapokea vijana waliotembea kwa miguu kutoka Sudan, baadhi yao wakiwa wameona wenzao wakiliwa na simba na mamba njiani, leo pamoja na makazi jirani ya Kalobeyei ina watu karibu laki tatu. Mgao wao wa chakula umekatwa mara baada ya mara, na mwaka 2025 ulikatwa kiasi cha kuwafanya watu waandamane barabarani. Wenyeji wanaowazunguka nao hawashibi. Katika mahali hapo, kumwaga kikapu cha nyama mchangani kila usiku mbele ya wageni wenye kamera ni jambo nisiloweza kulitetea hata kama lingekuwa halina hatari yoyote. Harar walipika uji wao wakati wa njaa wakiwa wameshauriana mji mzima. Nani ameshauriana na Kakuma?

Simchukii fisi, na sitaki makala haya yampe mtu sababu ya kumwekea sumu. Fisi anatufanyia kazi tusiyomlipa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021 kuhusu fisi wa Mekelle, kaskazini mwa Ethiopia, ulikadiria kwamba wanaondoa tani 207 za mizoga ya mifugo kwa mwaka, na kwa kufanya hivyo wanapunguza kimeta na kifua kikuu cha ng'ombe kwa watu na mifugo. Waliopita barabara ya Lodwar kwenda Lokichoggio wakati wa ukame ule wanajua mizoga ilivyokuwa imelala, na wanajua ingekuwaje pasingekuwa na fisi na tai. Ni kwa ajili hiyo nasema tusimtie katika ugomvi mpya na watu. Fisi akizidi kuvunja mazizi, mfugaji aliyechoka hutafuta dawa ya wadudu, akaipaka kwenye mzoga, na asubuhi utakuta fisi mmoja amekufa na tai ishirini wamekufa pembeni yake. Kenya imepoteza simba na tai wengi kwa njia hiyo. Maonyesho ya kumlisha fisi yanaweza kuwa ndiyo mwisho wake.

Basi Turkana isile chochote kutokana na wanyama wake wakali? Ile, tena ile vizuri. Katika Ziwa Turkana tuna Kisiwa cha Kati, hifadhi ya taifa na sehemu ya urithi wa dunia tangu 1997, chenye maziwa madogo ndani ya mashimo ya volkano na mamba wanaozaliana pale bila kutupiwa hata samaki mmoja. Mgeni anatoka Kalokol au Eliye Springs kwa boti, anapanda ukingo wa shimo, anawatazama kutoka juu, analipa, anarudi. Ombi langu kwa wenye boti ni hili: asitokee hata mmoja wa kuwarushia mamba samaki ili mgeni apate picha nzuri. Maji ya ziwa yamepanda miaka ya karibuni, yakafunika fukwe na kuwasogeza mamba hadi kwenye nyumba za wavuvi. Akina mama wanachota maji palepale. Mamba akijifunza kwamba mlio wa boti ni chakula, atakayelipa ni mvuvi anayesukuma ngalawa yake akiwa ndani ya maji hadi kiunoni.

Na fisi vilevile anaweza kutazamwa. Kijana anayezijua njia za laga na mapango ya kilimani anaweza kumketisha mgeni kwa mbali jioni, upepo ukiwaelekea, wakangojea ukoo utoke. Ni kazi ya ujuzi, na ujuzi huo wanao watoto wa wafugaji kuliko mtu yeyote mwenye cheti. Mgeni anayetaka kupandwa mabegani aende Harar, watu wa Harar watampokea.

Pesa za mgeni wa kutazama tu ndizo ninazotaka tuzigombanie, zimfikie mfugaji anayeumizwa na wanyama hao. Kule Mbirikani, karibu na Amboseli, tangu mwaka 2003 kuna mfuko unaomlipa Mmaasai ambaye mfugo wake umeuawa na mnyama mkali. Una masharti: zizi likiwa bovu au mifugo ikiachwa nje usiku, malipo yanapungua, na mtu akiua simba, majirani zake nao wanaonja adhabu. Mfuko ule umewafanya watu walioishi na simba wapate cha kushika. Sheria yetu ya wanyamapori ya 2013 nayo inamtaja fisi na mamba miongoni mwa wanyama ambao wakiua au kujeruhi mtu, au wakiua mfugo, mwathiriwa ana haki ya fidia. Kwa aliyepoteza maisha ni shilingi milioni tano. Kila mtu anajua fidia hiyo inavyosuasua. Familia hujaza fomu, zikapigwa mihuri, miaka ikapita. Mama wa boma lile ng'ambo ya Tarach hakujua kwamba fomu ipo.

Kuna na njia ya bei ndogo. Richard Turere alikuwa mvulana tu huko Kitengela alipounganisha betri kuukuu ya gari, paneli ndogo ya sola na kidude cha indiketa ya pikipiki, akazungusha taa zinazomweka kwenye zizi la baba yake, na simba wakaacha kuja. Mafundi wa bodaboda na wauza sola wamejaa Kakuma na Lodwar. Vifaa vyote hivyo viko kwenye meza zao. Taa za namna ile, pamoja na wavu wa chuma uliofukiwa chini ya miiba ambapo fisi huchimba, ni gharama ambayo tamasha moja la kaunti linaweza kuibeba kwa maboma mengi.

Kwa hiyo nawaomba wakuu wa utalii wa kaunti, wenye hoteli za Lodwar na mashirika ya Kakuma: kabla hamjanunua kilo ya kwanza ya nyama ya kulisha fisi, tengeni sehemu ya kila ada ya mgeni iende kwenye mfuko wa maboma, na chifu asomewe hesabu za mfuko huo barazani mbele ya wafugaji. Maofisa wa KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, wazipeleke fomu za fidia kwenye baraza hilohilo, wawasaidie watu kuzijaza kwa Kiturkana, na warudi kueleza zimefikia wapi. Na ninyi vijana mnaotembeza wageni, mtalii akiwaombeni mumtafutie fisi wa kumlisha, mkatalieni. Mpelekeni kwa mama mwenye mbuzi, amlipe, aonyeshwe zizi linavyofungwa.